Nilimkatalia daktari "kuua" meno yangu ya mbele, sasa darasa zima linaongea kama kibogoyo

Wakuu, jambo yenu.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Nacheka na visa vyenu, naondoka bila kuacha hata like. Leo nimejikaza niandike changu. Kimenipata mimi mwenyewe, na sehemu za aibu sijazipunguza. Nilijaribu kuzipunguza, nikaona hakubaki kitu cha kusimulia.

Ni mama, mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kenya hapa Lubumbashi. Kenya ni commune yetu, yaani sehemu ya jiji, si nchi, msianze kuniuliza habari za Nairobi. Kiswahili cha huku mnakijua kilivyo, Kifaransa kimejaa. Nitajitahidi kuandika kama mnavyoandika ninyi, ila watu wa kwetu nitawaacha waseme kwa midomo yao.

Nafundisha darasa la kwanza, tunaliita première. Wanaingia hawajui hata kushika kalamu, wanatoka wanasoma. Siku mtoto anapounganisha herufi mbili kwa mara ya kwanza halafu akakuangalia, yaani yeye mwenyewe haamini, mimi hapo ndipo mshahara wangu ulipo. Nimeshakataa kupelekwa madarasa ya juu kwa ajili hiyo.

Hilo darasa ndilo nililokaribia kulipoteza. Kwa sababu ya meno.

Nilizaliwa Kipushi, mji wa mgodi kule mpakani na Zambia. Mama yangu alikuwa anauza vinywaji nyumbani, na kifungua chupa, sisi tunasema décapsuleur, kilikuwa hakikai. Leo kipo, kesho hakipo. Nikajifunza kufungua chupa kwa meno. Soda, bia, zote. Wateja wanashangilia, kasichana kadogo vile kanatoa kizibo tuuu, kizibo kinaruka mpaka kwa jirani.

Nikakua na kipaji hicho cha hovyo. Nikaolewa nacho.

Familia ya bwana yangu ni watu wa Kasai, watu wa maduka na masomo, wanajiheshimu. Mwanzoni mama mkwe alikuwa anageuza uso nikifanya vile. Baadaye akazoea, akawa anacheka na wengine. Wakanipa jina, Mama Décapsuleur, na sitawadanganya, nililipenda.

Sasa ikaja sherehe ya ubatizo wa mtoto wa Fiston. Fiston ni mdogo wake bwana yangu. Sherehe ilikuwa kwetu, uwanja umejaa, viti vya kukodi, watu wa parokia, baadhi ya wazazi wa wanafunzi wangu, na mama mkwe mbele kabisa. Vinywaji vikafika. Décapsuleur hakuna. Mtu akainuka aende kuazima kwa jirani, Fiston akamzuia, simu iko mkononi anachukua video.

"Décapsuleur ya nini tena? Mama Grâce eko hapa!"

Mama Grâce ndio mimi, Grâce ni binti yangu.

Ningeweza kusema hapana. Mtu mzima, mwalimu, nimevaa kitenge kipya. Lakini watu walishaanza kupiga makofi, na mimi makofi yananiharibia akili. Chupa za kwanza zikafunguka vizuri. Halafu ikaja moja kizibo kimegoma. Badala ya kuiweka chini, nikaivuta kwa hasira, maana kamera inanitazama.

Nilisikia sauti kabla ya maumivu. Kah! Watu bado wanapiga makofi. Nikafungua mdomo niseme kitu, damu ikamwagika kwenye kitenge, na kipande cha jino kikaingia kwenye glasi ya mama mkwe.

Mama eee. Mpaka leo nikiiona glasi ya aina ile nageuza kichwa.

Video ipo, msiniombe. Imezunguka group la familia, ikaenda la parokia, ikarudi kwangu kutoka kwa kaka yangu aliyeko Kolwezi akiniuliza kama huyu mwanamke si mimi.

Meno yaliyoumia ni yale mawili ya mbele juu, ya katikati kabisa. Moja lilikatika nusu, ndani unaona pekundu, hata upepo ukiingia nalia. La pili lilivunjika mshazari mpaka karibu na ufizi.

Kesho yake nikaenda Kamalondo, commune ya jirani. Kule kuna Docta mmoja mama, kabineti yake, yaani chumba cha matibabu, ndogo, jirani na mafundi cherehani. Akapiga picha, akaangalia, akanifunika lile jino la pekundu kwa dawa ya muda ili nipumue. Akaniambia hivi:

"Mama, juu njo imeharibika. Mizizi iko ya nguvu, yote mbili. Moja iko na kazi mingi kidogo, lakini tunaweza kuokoa zote. Tutaua mushipa, tutaweka pivot, juu yake couronne."

Njo ni "ndiyo" ya kwetu. Pivot ni kijiti kinachoingizwa kwenye mzizi ili kushika jino jipya la juu. Couronne ni ile kofia inayovikwa. Hayo yote alinieleza vizuri, na michoro akanichorea. Tatizo ni kwamba kichwa changu kilibaki kwenye lile neno la kwanza.

Kuua.

Kwa Kifaransa ni dévitaliser, linasikika safi, la hospitali. Kwa Kiswahili chetu hakuna namna nyingine, ni kuua jino. Nikafika nyumbani, familia imekaa inaningoja, nikawaambia nikiwa nimeziba mdomo na kitambaa: Docta anataka kuua meno yangu.

Mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Kuua? Aka! Utakula na kintu ya kufa mu kinywa? Tena kinywa ya mwalimu, kinywa inafundisha batoto?"

Bwana yangu akasema labda tumwelewe Docta kwanza. Hakuna aliyemsikiliza. Fiston, na nadhani dhamira ilikuwa inamsuta kwa ile video, akatoa simu akatuonyesha tangazo la kliniki moja kubwa ya mjini.

"Yaya, sasa hakuna muntu anabakia na meno ya kufa. Banatoa, banapanda mupya. Banapanda, sawa vile unapanda muhindi!"

(Yaya huku kwetu ni dada mkubwa, heshima, si dada wa kulea watoto. Na muhindi ni mahindi. Nawajua ninyi.)

Alikuwa anasema implant, ile skrubu wanayoweka kwenye mfupa wa taya halafu juu yake jino. Wakuu, oneni sasa. Upande mmoja kuua, upande wa pili kupanda. Nani anachagua kuua? Mama mkwe akasema kupanda ni neno la Mungu kabisa. Mimi ninayefundisha maneno kila siku nikashindwa na neno moja, nikakubali.

Kliniki ya mjini sina ubaya nayo. Naomba mlielewe hilo, maana najua mtaanza kuwatukana. Daktari wa pale kijana mpole, akaangalia picha, akaniuliza kwa nini nataka kutoa.

"Mama, hii meno inaweza kubakia. Kutoa iko rahisi. Kurudisha njo nguvu."

Akanieleza kwamba ukitoa, kidonda kinapona kwanza, mfupa unajaa, ni miezi. Halafu ndio skrubu, nayo inangoja ishikane na mfupa, tena miezi. Na mfupa wa pale mbele ni mwembamba, ukiachwa bila mzizi unapungua. Katikati ya hapo unavaa kifaa cha plastiki chenye jino la bandia, wanaita appareil. Implant ni kitu kizuri, akasema, lakini ni ya mtu ambaye hana cha kuokoa.

Nikamjibu kwa kiburi, na kitambaa mdomoni. "Sitaki meno ya kufa. Toeni."

Akaniuliza mara nyingine. Nikasema toeni.

Akaanza na lile lililovunjika mshazari. Ganzi ilishika, sikusikia maumivu. Nilisikia nguvu. Anavuta, kichwa changu kinaenda naye. Anapumzika, anafuta jasho, anabadilisha koleo, anarudi. Akamwambia nesi wake kwa Kifaransa kwamba hili limeshika kwelikweli. Mimi nimelala pale nawaza, jino wanalosema limekwisha mbona halitaki kutoka?

Lilipotoka akaliweka kwenye kisahani. Nikageuza macho nikaliangalia.

Juu kipande kidogo kibaya, kimechongoka. Chini mzizi mrefu, mweupe, mzima. Hauna hata doa. Nilikuwa sijui kwamba jino letu kubwa ni lile tusiloliona.

Daktari akasogea kwa jino la pili. Nikanyanyua mkono. Siwezi kuongea, ganzi imejaa, ila mkono nikaunyanyua juu kama mwanafunzi anayeomba kutoka nje. Akaelewa. Akaweka koleo chini wala hakusema "nilikuambia." Angesema ningepata wa kumkasirikia.

Nikatoka pale na pengo moja na nusu jino.

Sasa hapa mwenye akili angerudi Kamalondo moja kwa moja. Mimi sikurudi. Nilikuwa naona aibu kwa yule Docta, alinichorea michoro yote ile nikamwona muuaji. Nikienda sokoni nilikuwa nazunguka barabara ya nyuma ili nisipite mlangoni kwake. Siku moja tukakutana uso kwa uso kwa fundi cherehani, nikajifanya napokea simu. Simu yenyewe ilikuwa imezimika.

Nikavaa appareil ya plastiki, nikaingia darasani.

Wakuu, wanafunzi wa première ni umri ule meno ya mbele yanang'oka. Nusu ya darasa ni mapengo. Waliponiona walifurahi! Madame naye yametoka! Kamoja kakaniuliza mbele ya wote, "Madame, yenu itaota siku gani?" Nikawaambia tufungue madaftari.

Ile plastiki inakaa kwenye kaakaa, ulimi hauna nafasi. Nikisema sa inatoka tha. Nikisema fa, unatoka upepo na mate. Mwanzoni nilikuwa nasikia, najirekebisha. Baadaye nikazoea, sikusikia tena. Na ulikuwa ndio wakati wa kufundisha herufi S. Sabuni, samaki, sahani, nachora ubaoni, nasema, wanarudia wote kwa pamoja kwa sauti kubwa. Nilikuwa najisifu moyoni mwaka huu darasa limechangamka.

Siku moja mama wa mwanafunzi akaja baada ya masomo. Mama mmoja wa adabu sana, anauza mboga. Akasimama pembeni mpaka watu wakaisha.

"Madame, jambo yenu. Haiko mubaya, naulizia tu. Mutoto yangu alianza masomo anasema 'sabuni'. Sasa anasema 'thabuni'. Nilifikiri juu ya meno zake zilitoka. Lakini zimeota, na bado anasema vile. Nikimukosoa ananiambia, 'Mama, haujui, Madame njo anasema vile.'"

Natamani angenitukana. Alisema huku ameangalia chini, ananionea huruma. Nikajibu "nimethikia mama," ndivyo ilivyotoka, wote wawili tukaisikia. Akaaga haraka.

Nilikaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto nikalia mpaka plastiki ikachomoka.

Habari zikafika kwa Directrice, mkuu wetu wa shule. Akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Siko nakufukuza, Madame. Lakini première njo darasa ya kinywa. Batoto banasoma mu kinywa yako mbele ya kusoma ku tableau. Kufika mwisho ya trimestre kama ungali vile, nitaweka mwalimu mwingine, weye utanisaidia hapa mu bureau."

Yaani mdomo wangu kabla ya ubao, na muhula ukiisha nikapange makaratasi ofisini. Mimi.

Na kama hiyo haitoshi, lile nusu jino likaanza kuvimba juu ya ufizi. Aibu ya Docta, aibu ya darasa, zikapimana. Ya darasa ikashinda. Nikaenda Kamalondo.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi njiani kote. Nikafika, nikafungua mdomo, Docta akaangalia ndani, akasema tu, "Moja bado iko. Ikala tuone." Yaani kaa tuone. Maneno yangu yote ya radhi nikayameza.

Akapiga picha. Mshipa wa lile jino ulishakufa wenyewe, bila mtu kuuua, ndio maana pamevimba. Mzizi bado ulikuwa imara. Nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza siku ile ya kwanza: jino likishauawa, linakaaje mdomoni? Halitaoza? Halitanuka?

Akacheka kidogo. Akanionyesha nguzo ya mti ya barza yake, yaani baraza, pale nje.

"Ile muti ilikufa siku gani, Mama? Na mabati inabeba nani?"

Basi. Hayo tu. Kinachouawa ni mshipa unaouma, jino linabaki limeshikwa na mfupa, linatafuna miaka na miaka ukilitunza. Ningeuliza swali hilo moja, ningekuwa na mawili.

Akasafisha mzizi, uvimbe ukaisha, akaweka pivot, akavika couronne. Sikusikia maumivu ya maana. Kwa lile pengo akasema implant inawezekana kabisa, ila mfupa upone kwanza, nisiharakishe, na siku ikifika atanirudisha kwa yule kijana wa mjini maana yeye kazi hiyo haifanyi. Kwa sasa akaniwekea jino la muda, amelishikiza kwenye lile jirani lenye couronne. Plastiki ikaenda kwenye pipa.

Kwa hiyo hesabu ya mdomo wangu leo iko hivi: jino lile nililoogopa kwa sababu limekufa, ndilo linalobeba mwenzake. Lile la kupandwa bado halijapandwa.

Mama mkwe alivyoona akanishika kidevu, akageuza uso wangu huku na huku kama ananunua mbuzi. "Iko muzuri," akasema. Halafu kwa sauti ndogo, "Iko ya kufa ni ipi?" Nikamwonyesha. Akasema haionekani. Jumapili iliyofuata akaniletea zawadi, décapsuleur, ameifunga na utepe mwekundu. Hakucheka, na mimi sikucheka. Imening'inia jikoni kwangu mpaka sasa, na haijawahi kupotea.

Sasa nimalizie na siku niliyorudi darasani na meno.

Nilijiandaa, jamani. Nilisema sa se si so su mbele ya kioo mpaka Grâce akanikimbia. Directrice akaja kusimama mlangoni kunisikiliza, na trimestre ilikuwa inaisha. Nikaandika ubaoni, nikageuka, nikasema kwa sauti safi, sauti yangu ya zamani ambayo nilikuwa nimeisahau.

"Sa."

Darasa zima, mikono mezani, vifua mbele, na yale meno yao mapya ya mbele yameshaota, wakajibu kwa nguvu zote:

"Tha!"

Nikarudia. Sa. Wakanijibu tha, kwa furaha zaidi, maana ndivyo Madame alivyowafundisha. Mmoja wa mbele akaniangalia kwa huruma, akanong'ona, "Madame, thi vile. Thema tha."

Nikageukia ubao, nikajifanya nafuta kitu.

Directrice aliniachia darasa. Alisema aliyeliharibu ndiye alitengeneze. Ndiyo kazi ninayofanya sasa, mtoto mmoja mmoja, kidole mdomoni, ulimi nyuma ya meno. Wengine wamerudi. Wengine bado. Ukipita Kenya ukasikia mtoto ana meno yote mdomoni anaomba "thukari," jua ni wa kwangu, na usimcheke, nicheke mimi.

Ninachowaachia ni hiki. Jino likivunjika usihukumu kwa kile unachokiona kwenye kioo, ulizia mzizi. Kama mzizi ni mzima, muulize daktari kama linaweza kuokolewa, na neno likikutisha mwambie akueleze tena, hata kama unaona aibu. Implant si mbaya, mimi mwenyewe nangojea ya kwangu, ila ni ya kuziba pengo, si ya kutafutia pengo. Na chupa ina kifaa chake. Makofi ya watu hayana couronne.

Bei msiniulize, bwana yangu naye anasoma humu.

Waliowahi kuwekewa implant mbele, nielezeni: mlingoja kiasi gani, mliongeaje katikati ya hapo? Na walimu wenzangu, mwenye mbinu ya kumtoa mtoto kwenye tha aje nayo, nahitaji kweli. Wa kucheka nao karibuni. Nitakuwa nasoma huku nimeziba mdomo na mkono, meno yapo lakini mkono bado unapanda wenyewe.